Walipotozwa Faini kwa Kufua Chuma Kupita Kiasi

Mtu anayejenga nyumba mjini Kigali hujua bei ya nondo kabla ya kujua bei ya rangi. Akifika Gakinjiro, kule Gisozi, huhesabu nondo za milimita 12 kwa ajili ya nguzo, huhesabu nyembamba za kutengenezea ringi, kisha hunyamaza kidogo akilinganisha hesabu ile na mfuko wake. Haombi mengi. Huomba viwanda vitoe nondo kwa wingi ili bei iteremke. Akielezwa kwamba palikuwapo zama ambapo wenye viwanda walitozwa faini kubwa kwa kosa la kutoa chuma kingi kuliko walivyoruhusiwa, na kwamba walipokwenda mahakamani kulalamika walishindwa, atadhani anafanyiwa mzaha.

Mambo hayo yalitokea Ulaya ya Magharibi kati ya mwaka 1980 na 1988. Kesi zake bado husomwa na wanafunzi wa sheria, na zinastahili kujulikana hata na mtu asiyekusudia kuwa mwanasheria, kwa sababu ndani yake limo swali linalomhusu kila mwenye duka, mwenye karakana na mwenye shamba: mtu afanye nini pale amri halali ya serikali inapomtia hasara?

Asili ya shauri ni mkataba uliotiwa sahihi mjini Paris mwezi Aprili 1951. Nchi sita, Ubelgiji ikiwa mojawapo, ile ile iliyoitawala Rwanda hadi tarehe 1 Julai 1962, ziliunda Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma cha Pua. Vita vilikuwa vimekwisha miaka sita tu iliyopita. Madaraja, reli na nyumba vilikuwa vikijengwa upya, na hofu ya watu ilikuwa uhaba. Hata hivyo waandishi wa mkataba walikuwa watu wa tahadhari. Katika kifungu cha 58 waliweka dawa ya ugonjwa ambao haukuwapo bado: ikiwa mahitaji ya chuma yataanguka hadi kuwe na shida iliyo wazi kwa kila mtu, basi wakuu wa Jumuiya, kwa idhini ya mawaziri wa nchi wanachama, wataweza kumpangia kila mwenye kiwanda kiasi cha kuzalisha. Atakayezidisha atozwe faini isiyozidi thamani ya tani alizozidisha.

Ugonjwa ulifika baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Magari na meli zilipungua kuundwa, majengo yakapungua kujengwa, lakini viwanda vilivyopangwa katika miaka ya neema viliendelea kukamilika. Chuma kikajaa maghalani. Kila kampuni ikapunguza bei ili imnyang'anye jirani wateja, jirani naye akapunguza zaidi, na mwisho wote wakawa wanauza kwa hasara.

Ajabu ni kwamba ugomvi wa kwanza mkubwa ulihusu nondo hasa. Katika mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, palikuwa na viwanda vidogo vilivyoyeyusha vyuma chakavu kwa tanuru za umeme, kazi isiyo tofauti sana na ile inayofanywa leo na kiwanda cha SteelRwa huko Rwamagana, mashariki ya Kigali. Gharama zao zilikuwa ndogo, nao waliuza rahisi. Mwezi Mei 1977 Kamisheni, yaani chombo cha utendaji cha Jumuiya, iliweka bei ya chini kabisa ya nondo, na wale waliouza chini ya bei hiyo wakatozwa faini. Kampuni ya Valsabbia na wenzake wakashitaki mbele ya Mahakama ya Jumuiya mjini Luxembourg. Walisema kwamba wasingeuza rahisi wangefilisika, na mtu anayezama hashitakiwi kwa kushika ubao wa mwenzake. Walisema pia kwamba kuwapangia bei ni kuwavamia katika mali yao. Tarehe 18 Machi 1980 Mahakama iliyakataa madai yao makuu. Ilieleza kwamba haki ya kumiliki mali hailindi matumaini ya faida, kwa kuwa mashaka ya biashara ni sehemu ya biashara yenyewe, na kwamba wakati wa shida wanachama wote hubeba mzigo pamoja.

Bei ya chini haikutosha kuponya soko. Mwishoni mwa Oktoba 1980, akiwapo Étienne Davignon, Mbelgiji aliyeshika idara ya viwanda katika Kamisheni, kifungu cha 58 kilitumika kwa mara ya kwanza na migawo ya lazima ikatangazwa. Msomaji wa Rwanda atatambua kwamba katika mwezi huo huo wa Oktoba 1980 Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulirudisha migawo ya kuuza kahawa nje, na Rwanda ilikuwamo. Hivyo mkulima wa Huye na mfanyakazi wa tanuru mjini Bremen waliingia chini ya desturi ya aina moja karibu siku moja, na huenda hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Lakini desturi hizo hazikufanana kwa adhabu. Katika kahawa aliyewajibika alikuwa taifa. Nchi iliyozidisha ilipunguziwa mgawo wake wa baadaye. Mkulima wa Rwanda hakutozwa chochote kwa kuvuna sana. Kinyume chake, hakuruhusiwa kung'oa mibuni, na kuzembea kuitunza kulihesabiwa kosa. Katika chuma aliyewajibika alikuwa kampuni yenyewe, na hesabu yake ilipigwa kila baada ya miezi mitatu. Kamisheni ilitazama kiasi ambacho kiwanda kilitoa katika miaka iliyotangulia, ikakata asilimia fulani, na kilichobaki kikawa ndio ruhusa. Aliyezidisha alilipa, kwa kawaida, ECU 75 kwa kila tani. (ECU ilikuwa fedha ya hesabu ya Jumuiya, ambayo mwaka 1999 iliipisha yuro, moja kwa moja.) Kwa hiyo tani 1,000 za ziada zilileta deni la ECU 75,000. Aliyezidisha kwa asilimia 10 au zaidi, au aliyekuwa amekwisha kuzidisha siku za nyuma, aliweza kutozwa hata mara mbili ya kiasi hicho.

Kampuni iliyopigana kwa ukali kuliko nyingine ni Klöckner-Werke ya Ujerumani ya Magharibi, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Klöckner ilikuwa na kiwanda kikubwa mjini Bremen, chenye mitambo ya kisasa iliyonunuliwa kwa mikopo mikubwa. Tanuru kubwa la kuyeyushia mawe ya chuma si imbabura ya nyumbani, ambayo mama akikosa kitoweo huifunika majivu mpaka kesho. Likipoa, ukarabati wake ni gharama kubwa, na lipoe lisipoe riba ya benki inahesabiwa usiku na mchana. Mitambo ya namna hiyo hulipa ikifanya kazi karibu na nguvu zake zote. Mgawo uliopimwa kwa miaka iliyopita, ambayo nayo ilikuwa miaka ya soko bovu, uliifunga Klöckner katika hali iliyotaka kutoka. Juu ya hayo, kampuni za watu binafsi za Ujerumani zilinung'unika kwamba katika nchi nyingine wanachama serikali zilikuwa zikimimina fedha za umma kuvifufua viwanda vilivyochakaa. Kiwanda kipya kikaambiwa kipunguze kazi, na kikongwe kikapewa dawa na serikali yake. Ni vigumu kumlaumu mtu aliyeona uchungu hapo.

Klöckner ikazalisha zaidi ya mgawo wake, ikatozwa faini, ikashitaki. Na ilishitaki si mara moja. Katika hukumu za mwaka 1982 na 1983 Mahakama haikukubaliana nayo katika madai makuu. Ilisema kwamba Kamisheni haina wajibu wa kuihakikishia kila kampuni kiasi cha uzalishaji kinachotosheleza hesabu zake yenyewe za faida na mipango yake ya kukua. Mgawo umewekwa kwa ajili ya wote. Kama kila mwenye sababu nzuri angezidisha, wote wangekuwa na sababu nzuri, na mpango ungekufa wiki ya kwanza.

Hukumu hiyo ni ya haki kwa jumla na ni ngumu kwa mmoja mmoja. Mahakama iliulizwa iwapo amri ni halali, ikajibu ni halali. Iwapo amri ilikuwa na busara ya kutosha kwa kiwanda kipya, hilo lilikuwa la mawaziri, na huko ndiko lilikostahili kupelekwa mapema zaidi.

Shauri la Thyssen, jitu jingine la chuma la Ujerumani, lina faida zaidi kwa mtu wa kawaida. Thyssen nayo ilizidisha na kutozwa faini. Katika utetezi wake ilidai kwamba maafisa wa Kamisheni walikuwa wameihakikishia kwamba haitatozwa. Ni nani asiyelijua neno hilo? Mwenye duka anaambiwa na karani, "Wewe endelea tu, hakuna neno." Mjenzi anaambiwa, "Kibali kitakuja, chimba msingi." Anachimba, na siku mkaguzi anapofika, karani amehamishwa au hakumbuki.

Tarehe 16 Novemba 1983 Mahakama ilijibu kwa ufupi wa kutisha. Hakuna afisa awezaye kutoa ahadi halali ya kutoitumia sheria. Kwa hiyo, hata kama ahadi ilitolewa kweli, haikuweza kumpa aliyeahidiwa tumaini ambalo mahakama italilinda. Waamuzi hawakuhitaji hata kupoteza muda kuchunguza nani alisema nini na wapi. Kwa watumishi wa serikali jibu hilo ni onyo sawasawa na lilivyo kwa wafanyabiashara. Neno la upole linalosemwa ili mgeni aondoke ofisini ameridhika laweza kumgharimu mgeni huyo mali yake, na msemaji asidaiwe chochote.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kampuni ziliachwa bila kinga. Mkataba uliamuru kwamba kabla ya kutoza faini, Kamisheni impe mhusika nafasi ya kutoa maelezo yake. Mahakama iliweza kuipunguza faini, au kuifuta, ikiona inafaa. Tena aliyetozwa aliruhusiwa kuuliza kama amri anayodaiwa kuivunja ilikuwa halali tangu mwanzo. Lakini milango hiyo ilikuwa na saa zake. Muda wa kushitaki ulikuwa mwezi mmoja tu, na kule kushitaki kwenyewe hakukusimamisha faini isipokuwa Mahakama iamuru hivyo. Aliyekaa akinung'unika gazetini alikuta mlango umefungwa.

Migawo ya chuma iliondolewa mwisho wa Juni 1988. Kabla ya hapo na baada yake mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa Ulaya walikuwa wamepoteza kazi, na hakuna hukumu iliyoweza kuwarudishia. Klöckner yenyewe iliomba suluhu na wadai wake mwezi Desemba 1992; kiwanda cha Bremen kikapata wenyewe wengine, na leo kimo katika kampuni ya ArcelorMittal. Mkataba wa mwaka 1951 ulikufa kwa kutimiza umri wake wa miaka hamsini, tarehe 23 Julai 2002.

Migawo ya kahawa ilianguka mwaka mmoja baada ya ile ya chuma, tarehe 4 Julai 1989, na hapa Rwanda anguko hilo lilisikika jikoni. Katika miezi michache bei ya dunia ilishuka kwa karibu nusu. Kahawa ilikuwa ikiiletea nchi zaidi ya nusu ya fedha za kigeni, na bei aliyolipwa mkulima, iliyokuwa faranga 125 kwa kilo, ikateremshwa hadi 100 mwaka 1990. Mama aliyekuwa akingoja msimu wa kahawa ili anunue daftari za shule na sabuni hakuwa na mahakama ya kuiendea. Mgawo ulikuwa mkataba wa mataifa, na mataifa yalikuwa yameshindwa kukubaliana.

Jambo hilo ndilo lililobadilika kwa sehemu. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007, na mkataba wa Jumuiya hiyo, katika kifungu cha 30, unampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au kampuni, ruhusa ya kuiuliza Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha kama sheria, amri au uamuzi wa serikali au wa chombo cha Jumuiya unavunja mkataba. Ruhusa hiyo si maneno matupu. Mwaka 2017 kampuni ya sigara ya British American Tobacco ilishitaki kuhusu sheria ya Uganda iliyozitoza sigara kutoka nchi jirani wanachama ushuru mkubwa kuliko zilizotengenezwa Uganda. Mwaka 2019 Mahakama iliamua kwamba ubaguzi huo haupatani na mkataba.

Mwenye kiwanda cha nondo, mwenye duka la mabati, hata chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, anaweza kwenda njia hiyo hiyo. Mahakama hiyo ina ofisi ndogo ya masjala hapa Kigali, kwa hiyo karatasi zaweza kupokelewa bila safari ya Arusha. Muda ni miezi miwili tangu uamuzi unaolalamikiwa kutolewa au kumfikia mlalamikaji, na mahakama hiyo imekwisha kuonyesha mara kadhaa kwamba hesabu ya siku hizo haiongezwi.