Bonané ya Kamenge: watoto tuwaambie nini?

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unarudi nyumbani Bujumbura, kartie ya Kamenge. Sababu ni mtoto wangu.

Huyu amezaliwa hapa kambini. Juzi nilikuwa nachambua maharage mlangoni, yeye anacheza na wenzake. Mmoja akamuuliza, "Nyinyi kwenu ni wapi?" Akasema Kamenge. "Kamenge kukoje?" Akajibu bila hata kufikiri: "Ni kule watu waliuana."

Maharage yakanishinda. Uongo hakusema. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na baada ya hapo kartie za kaskazini ziliungua moja baada ya nyingine. Katikati ya 1995 Kamenge ikabaki haina watu. Sisi tulipanda milimani na godoro moja. Hayo mtoto anayajua, kwa sababu ndiyo tunayoongea sisi wakubwa usiku tukidhani wamelala. Lakini kwamba Kamenge kulikuwa pia na Fanta, nani alimwambia? Hakuna.

Basi nikamwita ndani, nikaanza na majina. Heha, Teza, Mirango, Songa, Twinyoni: hiyo yote ni Kamenge. Heha ni jina la mlima mrefu kuliko yote Burundi, unapita mita 2,600, ila Heha yetu sisi ilikuwa vumbi na nyumba za matofali ya udongo. Jioni ukitazama magharibi unaona bonde la Rusizi, na ng'ambo milima ya Congo inageuka buluu. Na kuna ile barabara ya kupanda Bugarama. Pale ndipo palikuwa sinema ya bure! Vijana wa baiskeli wanashuka na mikungu ya ndizi kwa kasi ya kutisha, na wakati wa kupanda wanashika nyuma ya lori, linawavuta mpaka juu. Mama zetu walitukataza kusimama pale. Tulisimama.

Sinema ya kulipia ilikuwa ya video, kwenye chumba cha giza chenye mabenchi na joto la watu. Bruce Lee na Rambo. Kifaransa cha filamu hatukukisikia vizuri, lakini teke halihitaji mkalimani.

Sasa tuje kwenye bonané yenyewe. Kwa msiotoka kwetu, bonané ni tarehe 1 Januari. Noheli ni ya kanisani, bonané ni ya kila mtu. Matayarisho yalianza mwezi wa kumi na moja, kitambaa kinapelekwa kwa fundi cherehani. Nguo ilishonwa kubwa makusudi, ili na mwaka kesho iingie. Na mafundi, jamani! Fundi anakuambia kesho, kesho yenyewe anakuambia kesho. Mwaka mmoja gauni langu halikuwa tayari asubuhi ya bonané. Nilijificha nyuma ya pazia mpaka saa kumi jioni, nawasikia wenzangu wanapita wanaimba. Likaja likiwa mkono mmoja umeshikwa na pini. Nikalivaa hivyohivyo, nikatembea nimeukaza mkono ubavuni kama askari wa gwaride la Julai mosi.

Chakula: wali, nyama ya ng'ombe, ndizi za kupika, sombe. Ndagala hawakukaribishwa siku hiyo, walikuwa wametulisha mwaka mzima. Mwenye pesa alinunua mukeke. Halafu Fanta. Chupa moja kwa watoto wawili, na hakuna anayeing'oa kizibo. Unatoboa tundu kwa msumari, unafyonza pole pole, mwenzako anahesabu mikupuo yako kwa sauti. Chupa moja iliweza kumaliza saa nzima.

Baadaye tunapita nyumba hadi nyumba, "Bonané! Bonané!", tunapewa peremende au faranga kidogo. Wakubwa wako kabare na Primus na mishikaki ya mbuzi, wazee wamezunguka chungu cha impeke na mirija yao. Siku ya Idi safari iligeuka: tulishuka Buyenzi kwa rafiki za baba, huko Kiswahili ndicho lugha ya mtaa, na pilau hawakuipima.

Wengine walibahatika kupelekwa ziwani, Saga. Huko tulitishwa na Gustave, yule mamba mkubwa wa Rusizi na Tanganyika ambaye hata wazungu walimfuata na kamera. Mtoto wangu hapo akakaa wima. Nikamwongezea kidogo urefu wa mamba, Mungu anisamehe.

Mpira usiseme. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na Africa Sports ya Côte d'Ivoire. Bujumbura tulitoka 1–1, Abidjan tukafungwa 4–0. Wanaume wa mtaa wetu hawakuongea siku mbili. Lakini mwezi wa nane 1996 tulilipwa. Tulikuwa tumehama, tuna redio moja na betri tunazianika juani zipate nguvu. Ikatangazwa kwamba Vénuste Niyongabo amechukua dhahabu ya mita 5,000 kule Atlanta, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Burundi kushiriki Olimpiki! Mbio zake hasa zilikuwa 1,500. Nafasi hiyo alimwachia mwenzake, Dieudonné Kwizera. Nakumbuka watu waliokuwa hawasalimiani wakiuliza pamoja, "Ni kweli? Ni wetu?"

Tuliporudi Kamenge, nyumba hatukuikuta. Kituo cha vijana, Centre Jeunes Kamenge, kilikuwepo bado. Wamisionari Wasaveri walikianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa vijana wa kartie zote za kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha, Buterere. Maktaba, mpira wa kikapu, muziki. Mwaka 2002 kilipata tuzo ya Right Livelihood. Mimi nilikwenda kwa ajili ya vitabu, nisidanganye, na kwa ajili ya kijana mmoja wa kikapu.

Na jioni kulikuwa na Umubanyi Niwe Muryango, jirani ndiye familia. Ule mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri ulianza 1997, familia mbili jirani, moja ya Kihutu, moja ya Kitutsi. Saa yake ikifika hata sufuria iliachwa iungue.

Nilikuwa nimefika hapo jirani yangu wa hapa kambini akaingia kuomba chumvi. Yeye ni wa Ngagara, ile ambayo wazee bado wanaiita OCAF. Mimi Kamenge, yeye Ngagara. Waliokuwepo 1994 wanajua maana yake, sina haja ya kueleza. Miaka yote hii tunasaidiana mtungi na moto, habari za nyumbani hatujawahi kuzigusa. Akasimama na chumvi mkononi, akauliza, "Dada, na nyinyi mlitoboa kizibo kwa msumari?"

"Tulitoboa."

"Kumbe!" Akakaa chini. Aliondoka usiku. Ya 1994 pia tuliyasema siku hiyo, mtoto alipolala kweli. Ya kwake na ya kwangu. Hayo sitayaandika hapa.

Kesho yake mtoto akaniomba pesa ya soda na msumari. Nikampa, nikasahau kwamba soda za siku hizi ni za plastiki. Alibana chupa katikati ya magoti, akagonga. Ilimrukia yote usoni, na jirani yangu alicheka mpaka akashika ukuta.