Kasimama kwa Kaká au kwa Jabir? Picha ya Taifa iliyogawa kijiwe

PICHA yenyewe ina kasoro zote unazozijua. Imetikisika, imelalia kulia, robo tatu yake ni migongo ya watu, na goli kule mbali linaonekana kama kiberiti kilichodondoka kwenye majani. Mpira haupo. Mfungaji ndiyo usiulize.

Lakini kijiwe chetu cha kahawa huku Temeke kimeigombea kwa wiki mbili, mpaka ubishi wa usajili ukawekwa pembeni.

Ilipigwa Juni 7, 2010 Uwanja wa Taifa, ambao siku hizi ni Benjamin Mkapa. Brazil ya Dunga ilikuwa njiani kwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini, ikapita Dar es Salaam kucheza na Taifa Stars. Tulipigwa 5-1. Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja. La kwetu lilifungwa na Jabir Aziz dakika ya 86, na wapo watu hapa mjini wanaolikumbuka kuliko hayo matano.

Mpigapicha ni mjomba wangu, Yanga wa kutupwa, alikuwa mzunguko na kamera yake ndogo ya dijitali, Nikon Coolpix ya kutia mfukoni, ile inayokula betri mbili za AA. Mimi nilikuwa shule ya msingi na niliachwa nyumbani nikilia. Nimeshamsamehe, ila sijasahau.

Mliokuja mjini simu zikiwa tayari na kamera kali hamjui shida ya mashine zile. Unabonyeza kitufe, kamera inatafuta kwanza umbali, inapima mwanga, ndiyo inapiga. Hapo katikati mshambuliaji kashafunga, kashakimbilia kibendera na anarudi kati. Ndiyo maana albamu nyingi za miaka ile zimejaa picha za wachezaji wakitembea.

Mjomba alikuwa na dawa yake. Kona ikitaka kupigwa anabonyeza kitufe nusu, anakishikilia hapo ili kamera imalize hesabu zake mapema, halafu anamalizia mpira ukiwa hewani. Dawa ilikuwa nzuri, tatizo ni roho. Shabiki gani anashikilia kidole nusu wakati Stars inashambulia?

Halafu kuna flashi. Kila mechi ya usiku ungeziona zikimeremeta jukwaa zima kama vimulimuli, na zote zilikuwa kazi bure. Flashi ya kamera ya mfukoni inafika hatua chache tu. Inamulika kisogo cha aliyekaa mbele yako, uwanja unazidi kuwa mweusi. Na ukivuta picha kupita uwezo wa lenzi, kamera haikusogezi uwanjani, inakikuza tu kile ilichonacho mpaka jezi inageuka vipande vya rangi.

Basi ndiyo hizo zilizokuwa zinazunguka kijiweni. Mechi ikiisha, kesho yake kamera inapita mkono kwa mkono, watu wanagombania kioo kidogo kama sanduku la sigara, mmoja anasema ilikuwa ofsaidi, mwingine anasema wewe ulikaa upande gani. Na ukweli ni kwamba picha ya ofsaidi iliyopigwa kutoka nyuma ya goli au kwenye kona haithibitishi chochote, kwa sababu mstari unapinda kufuatana na mahali ulipokaa. Wamebishana hivyo miaka na hakuna aliyewahi kubadilisha mawazo.

Picha zake za Simba na Yanga ya Oktoba 20, 2013 ndizo ninazozipenda kuliko zote. Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0. Kipindi cha kwanza mjomba ana picha 41, watu wanacheza, mtu kavua shati, mzee mmoja kabebwa juu. Kipindi cha pili Simba wakarudisha yote, ikawa 3-3. Kipindi hicho ana picha mbili. Zote za viatu vyake.

Turudi kwenye ya Brazil. Mjomba alikwenda siku ile na rafiki yake, fundi gereji, Simba damu. Walikuwa watani wa kila siku, wanatukanana asubuhi na kula sahani moja jioni. Yule fundi alifariki mwaka jana. Binti yake akaja kwa mjomba, akamwambia, "Ba'mdogo, nyumbani picha za baba zote ni za kitambulisho na za misiba. Huna hata moja anacheka?"

Mjomba akatoa kamera kabatini. Betri zilikuwa zimevuja, zimeota unga wa kijani. Kadi ilipochomekwa kwenye kompyuta ikadai iformatiwe kwanza. Nawaomba wote wenye kadi za zamani, hapo mkatae. Peleka kwa fundi kama ilivyo, na usiihifadhie kitu kingine juu yake. Sisi tulikwenda Kariakoo, kijana mmoja akaiendesha kwenye programu ya kurudisha mafaili, tukakaa pale saa mbili kasoro kwenye viti vya plastiki, mjomba haongei. Nimemwona kwenye fainali na hakuwa hivyo.

Zikarudi nyingi, si zote. Na hiyo yenye migongo ikawemo. Mbele kushoto yupo fundi, uso umegeuka nusu kuangalia nyuma, mikono juu, mdomo wazi, meno yote nje.

Kijiweni ndipo vita ilipoanza. Mjomba akasema hili ni bao la Jabir. Mwenzake mmoja akamkatalia, akasema ni la Kaká, kwa sababu siku ile nusu ya uwanja ilikwenda kuwashangaa Wabrazil, na hata wao wakifunga watu walikuwa wanasimama kupiga makofi. Hilo ni kweli, wenye umri wao wanakumbuka. Tarehe ya pembeni haikusaidia, imeandika Januari 1, 2009. Kamera hizo zikikaa bila betri saa inarudi mwanzo, na mjomba hakuwahi kuirekebisha.

Mimi nikaleta ujuzi wangu wa diploma. Nikawaonyesha kwamba kila faili lina namba, DSCN halafu tarakimu nne, na zinafuatana. Tatizo namba za kabla na baada ya hiyo ni zile zilizokufa kwenye kadi. Nikanyamazishwa.

Aliyemaliza kesi ni muuza kahawa, ambaye naye alikuwepo mzunguko. Akauliza swali moja tu: kuna mtu aliyewahi kumwona fundi akimsimamia mgeni? Kijiwe kikawa kimya. Kwa sababu wote walikumbuka. Mabao manne ya kwanza ya Brazil fundi alikaa kitako, kakunja mikono, akiwagombeza waliosimama mbele yake kwamba hakulipa kiingilio kuja kuwapigia makofi watu wa nje. Kaká alipofunga aligeukia upande wa pili kutafuta muuza karanga.

Mtu yule hakusimama mara mbili siku ile. Kwa hiyo ni dakika ya 86.

Yule mpinzani anasema bado hajaridhika, ila kahawa ya siku hiyo kalipa yeye.

Binti kashaichukua picha. Kaipeleka studio ikasafishwe kwa ukubwa wa kuning'iniza sebuleni. Jumamosi mjomba alikwenda kuiona, akarudi amenuna. Wamemkata fundi vizuri, anasema, uso umetoka, kicheko kimetoka. Lakini lile goli la kule nyuma wameliondoa lote.