Mguu Unaogoma Mlimani

Mkazi wa Miembeni anayetoka mjini Bukoba kwenda Kashozi kwa miguu ana kipimo cha bure: mlima. Kando ya ziwa anatembea bila shida. Akianza kupanda, shavu la mguu linabana hadi asimame. Akipumzika dakika chache maumivu yanakwisha. Akiendelea yanarudi, karibu umbali uleule. Wengi husema ni uzee, au baridi imeingia miguuni, na kwa mji unaopata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, baridi ni rahisi kuilaumu.

Mara nyingi tatizo ni ateri, mishipa inayoshusha damu kutoka moyoni. Mafuta hujengeka ukutani mwake na njia inakuwa nyembamba. Msuli uliotulia unatosheka na damu kidogo; unaopanda mlima unadai nyingi na hauipati. Vinavyochochea hali hii ni sigara, kisukari, presha na lehemu nyingi, na kibaya kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni sigara.

Tofautisha na vena, zinazorudisha damu juu. Mwenye vena mbovu huvimba na kusikia uzito akisimama kutwa, kama muuza samaki sokoni, na hupata nafuu akiinua miguu. Soksi za kubana humfaa huyo. Mwenye ateri zilizoziba sana akizivaa anaweza kuumia, kwa hiyo usiazime za jirani. Kipimo cha ateri ni chepesi: presha ya kifundo cha mguu hugawanywa kwa ile ya mkono, na jibu chini ya 0.90 linaonyesha ateri zimeziba.

Tiba ya ateri zilizoziba inawashangaza wagonjwa: tembea. Nenda hadi maumivu yawe makali kiasi, simama yapungue, kisha endelea, dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Wengi huongeza umbali bila kupasuliwa. Daktari huongeza statini, na aspirini au dawa ya jamii hiyo kuzuia damu isigande. Sigara lazima iachwe.

Kukanda kwa maji ya moto, au kuota moto miguuni, ni hatari hasa kwa mwenye kisukari: ganzi humnyima onyo, na kidonda chenye damu haba hakiponi. Akague nyayo kila jioni, vidole hadi kisigino.

Ukipata maumivu usiku mguu ukiwa umelazwa kitandani, kidonda kisichopona au kidole cheusi, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, msuli huanza kufa baada ya saa sita hivi. Meli ya kwenda Mwanza, iliko Hospitali ya Bugando, husafiri usiku kucha, na saa hizo zitakuwa zimepita. Basi anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na walioko Muleba waanzie hospitali za Rubya au Ndolage, dawa ya kuzuia damu isigande ianzwe huku rufaa ikiandaliwa.