Pombe inayowaka moto: ni sifa au ni hatari?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemtukuza mwanadamu kwa neema ya akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Masahaba wake.

Ndugu msomaji, siku moja baada ya Swala ya Alasiri alinijia mama mjane wa hapa Kahororo, Bukoba. Baada ya salamu alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, mimi sinywi, wala wanangu hawanywi. Ninatengeneza tu. Na yangu ni safi. Ukiimimina kijikoni na kuwasha kiberiti, inawaka hadi tone la mwisho." Alikuwa akizungumzia enkonyagi, ambayo kwingine nchini huitwa gongo, moshi au machozi ya simba. Kwa fedha hizo hununua sare, madaftari na chakula cha watoto. Alitaka kujua iwapo riziki hiyo ni halali.

Maneno yake yana mambo mawili, na yote yanazihusu familia nyingi za mkoa wetu. La kwanza ni huo moto anaojivunia. La pili ni hiyo kauli ya "ninatengeneza tu".

Tuanze na moto. Fahari ya ukali wa kileo haikuanza Kagera. Zamani huko Uingereza, pombe kali ilichanganywa na baruti, kisha ikawashwa. Baruti ikishika moto, pombe ilihesabiwa kuwa imethibitika. Leo whisky ya kawaida huwa na kileo cha takriban asilimia 40. Hata hivyo, huko Marekani wapo mashabiki wanaotafuta kwa bei kubwa whisky iliyozidi asilimia 70, kiwango ambacho abiria haruhusiwi kukipakia ndani ya ndege kwa kuhofia moto. Mwaka 2021 kampuni moja kongwe ya jimbo la Tennessee ilitoa whisky ambayo baadhi ya mapipa yake yalivuka kiwango hicho. Wenyewe huita vinywaji vya namna hiyo mzigo wa hatari, na wanalitamka jina hilo kwa kujisifu! Basi tajiri mwenye chupa ya thamani na mnywaji wa kibandani wanasifu kitu kimoja.

Je, moto huo unathibitisha nini? Unathibitisha kuwa kileo ni kingi, basi. Katika kugema enkonyagi, lubisi ya ndizi huchemshwa ndani ya pipa, na mvuke wake hupitishwa kwenye bomba lililopozwa kwa maji. Kileo cha kawaida huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100. Lakini kipo kileo kingine, methano, kinachochemka mapema zaidi, kwenye nyuzi 65. Nacho huwaka vilevile, tena kwa mwali ambao jicho halioni vizuri mchana. Kikiingia mwilini, ini hukigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho na kuua. Dalili zaweza kuchelewa nusu siku au zaidi, hivyo mnywaji hulala akidhani amelewa tu.

Ndugu zetu wa jirani wameyaona haya. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methano, na wengine wakapofuka. Kabale, Uganda, mwaka 2010, makumi walikufa kwa waragi wenye sumu hiyo. Kijiko cha moto hakikuweza kumwokoa yeyote kati yao.

Hapa niseme jambo moja. Chombo cha kukenekea hakina kosa. Waarabu walikiita al-anbiq, na wataalamu wa Kiislamu wa kale walikitumia kutengeneza maji ya waridi na dawa. Hata spiriti yenyewe leo inasafisha mikono ya wauguzi. Elimu ni ileile. Kinachotofautiana ni makusudio.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wapo wanaodhani kwamba lubisi ni nyepesi kwa hiyo ina nafuu, na wengine hudai kuwa kilichokatazwa ni mvinyo wa zabibu tu. Sayyidna Umar (R.A.) alibainisha juu ya mimbari kuwa khamri ni kila kinachoifunika akili. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kinacholevya kikiwa kingi, basi hata kidogo chake ni haramu. Yeye mwenyewe alikunywa maji yaliyolowekwa tende, lakini yalipokawia siku chache hakuyanywa tena. Kwa kipimo hicho, maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa leo ni halali na ni neema. Yakichachuka na kulevya yameshaingia katika khamri, kabla hata ya kufika kwenye pipa la moto.

Ama kauli ya "ninatengeneza tu", laana iliyotajwa katika Hadithi haikumhusu mnywaji peke yake. Watu kumi wametajwa, wakiwemo mkamuaji, mbebaji, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Nilimweleza mama yule hivyo, kwa upole, bila kuficha. Nilimkumbusha pia kuwa kugema pombe hiyo ni kosa kwa sheria ya nchi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Sawa, Sheikh. Kesho nianze na nini?"

Ndugu Waislamu, swali hilo silo lake peke yake. Ni letu sote. Qur'ani, katika Surat At-Tawba, imewataja mafakiri na masikini mwanzoni mwa wanaostahiki zaka. Tunafika harusini, tunanong'onezana ni nani mwenye kinywaji kikali, na Ijumaa tunamlaumu aliyekipika. Je, tumewahi kumpa mtaji wa kuuza maji ya ndizi mabichi, kahawa, au senene msimu wake ukifika? Khamri iliposhushiwa katazo la mwisho, Masahaba waliimwaga hadi ikatiririka katika njia za Madina. Waliweza kwa sababu jamii nzima ilimwaga pamoja. Mjane hawezi kumwaga peke yake ilhali sisi tunatazama.

Wazazi, tuwafundishe vijana kuwa mwanaume hapimwi kwa ukali wa anachokimeza. Na kamati za misikiti zianze Ijumaa hii kuorodhesha kaya zilizo katika hali ya mama huyu.

Mwenyezi Mungu atulindie akili zetu na atutosheleze kwa halali yake. Amin.