Udogo wa mkono si kizuizi cha gitaa

Imekuwa desturi katika baadhi ya shule zetu kumpima mwanafunzi wa muziki kwa viganja vyake kabla ya kumpima kwa masikio yake. Mtoto akionekana kuwa na vidole vifupi, huambiwa kwamba gitaa halimfai, akaelekezwa kwenye kwaya au kayamba. Nimeifunza ala hii kwa miaka kadhaa na nimewaona wanafunzi, hasa wasichana na watoto wa madarasa ya chini, wakiachishwa kwa hoja hiyo tu. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ni dhuluma.

Sisemi kwamba ukubwa wa mkono hauna maana. Nyuzi za gitaa la kawaida la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 650 hivi. Katika gitaa hilo, nafasi ya kwanza shingoni, iliyo karibu na vigingi vya kukazia nyuzi, ina upana wa milimita 36. Nafasi ya tano ina milimita 29 tu. Basi pale tunapomwanzishia mtoto ndipo vidole vinapolazimika kutanuka zaidi. Tunamtwika mzigo mzito siku ya kwanza, kisha tunamlaumu kwa kulemewa.

Dawa yake i wazi. Mwalimu anaweza kufunga kibanio kwenye nafasi ya tano ili mtoto ajifunzie mahali ambapo nafasi zimekaribiana. Anaweza kumzoesha kuketi wima, kuinua shingo ya gitaa, na kukiweka kidole gumba nyuma ya shingo badala ya kukichomoza juu. Hapo vidole vinne vilivyosalia hufika mbali zaidi. Mikao inayodai kidole kimoja kibane nyuzi zote sita inaweza kungoja. Isitoshe, mwenye vidole vinene naye ana mashaka yake: hugusa uzi wa jirani bila kukusudia. Mbona yeye haachishwi?

Wapo watakaonijibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina ukweli wake kwa mtu mzima. Lakini ni mzazi gani ampaye mtoto wa miaka minane jembe lenye mpini wa baba yake, kisha akatangaza kwamba mtoto huyo hawezi kulima? Magitaa madogo ya watoto yapo madukani. Shule inaponunua magitaa manne, kwa nini yote yawe ya watu wazima?

Anayetaka ushahidi na amtazame Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka wa 1910. Mwaka wa 1928 aliungua vibaya motoni, kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto vikalemaa. Alijifunza upya, akawa akipiga ghani zake kwa vidole viwili hasa. Kufikia mwaka wa 1934 alikuwa mjini Paris katika kundi aliloanzisha pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli, na hadi leo wapiga gitaa wa jazi humwiga.

Walimu wenzangu, mkono wa mtoto ungali unakua. Tusiufungie mlango kabla haujakomaa. Nanyi wanafunzi, msikubali kupimwa kwa rula. Mazoezi ya dakika ishirini kila siku, kwenye ala inayowatosha, ndiyo yatakayotoa hukumu ya haki.