Chakula Kikikwama Kifuani, Mwambie Munganga

Bukari ni laini, sombe ni tamu, lakini tonge linakwama katikati ya kifua. Unakunywa maji ili lishuke. Maji nayo yanakataa. Usiku unakohoa, asubuhi mama anakuta chakula cha jana juu ya mto. Suruali inaanza kulegea. Majirani wanasema: «Wamemroga.» Wengine: «Ni vumbi la mgodi, ama kifua kikuu.»

Watumikaji wenzetu, kifua kikuu kinaweza kuwapo, na lazima kipimwe. Lakini kuna ugonjwa mwingine, wa nadra: kila mwaka unashika karibu mtu 1 katika watu 100.000. Jina lake ni akalazia.

Umio ni njia ya chakula toka koo mpaka tumbo. Misuli yake inasukuma tonge, na mlango wa tumbo unafunguka. Katika akalazia, mishipa midogo inayoamrisha misuli hiyo imekufa. Tonge halisukumwi tena, na mlango haufunguki vizuri. Munganga Mwingereza Thomas Willis aliueleza ugonjwa huu tangu mwaka 1674.

Unatambuliwaje?

1. Munganga anatazama ndani ya umio kwa mrija wenye kamera, kwanza ajue kama si kansa.

2. Mgonjwa anameza maji meupe ya bariamu, anapigwa picha ya radio. Umio unaonekana mpana juu na mwembamba chini, kama mdomo wa ndege.

3. Mrija mwembamba unapitishwa puani ili kupima nguvu ya misuli. Hiki ndicho kipimo kinachokata maneno, lakini hakipatikani katika kila lopitalo.

Dawa ipo. Mlango unapanuliwa kwa mpira unaojazwa hewa, ama misuli yake inakatwa. Upasuaji huo ulianzishwa na Ernst Heller mwaka 1913. Misuli hairudi kama zamani, lakini chakula kinapita.

Kwa hiyo, mbele ya munganga usiseme tu «nakohoa». Sema nini kinakwama, na tangu lini. Kama chakula kigumu na maji vilikwama pamoja tangu mwanzo, misuli inashukiwa. Kama kigumu kilianza, kisha laini kikafuata, kimbia upesi: inaweza kuwa kansa.

Na wewe mama wa nyumba, ukiona bwana anaacha sahani yake, usinyamaze. Munganga hawezi kutafuta ugonjwa aliofichwa.