Maji ya Mji Mkongwe: Mita za Mwisho (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwa Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, na mfereji wake ulioleta maji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, baada ya kipindupindu cha 1869 na 1870 ambacho Daktari James Christie alikiandikia kitabu. Tangu enzi hizo tumezoea kuyapima maji kwa asili yake: chemchemi ikiwa safi, nyoyo zinatulia. Lakini kwa shaba, madini yanayoweza kuyeyuka ndani ya maji tunayokunywa, kipimo hicho hakitufai, kwa kuwa mara nyingi shaba haitoki kisimani. Huingia ndani ya nyumba yenyewe, kutoka mabomba ya shaba nyekundu, viungo vyake na hita za maji. Mwenye mabomba ya plastiki hana sababu kubwa ya kuhangaika. Aliyekarabati nyumba kwa mabomba ya shaba anayo.

Ataniambia mtu kuwa maji ya Unguja hutoka kwenye mawe ya chokaa, na maji ya chokaa huliwekea bomba ukoko unaolilinda. Ni kweli kwa kiasi. Lakini maji hayo hayo hubeba bikaboneti nyingi na hewa ya kaboni iliyoyeyuka, na bikaboneti hushikamana na shaba ikabaki ndani ya maji, hasa bomba likiwa jipya na pH ikiwa karibu na 7. Maji yakilala bombani usiku kucha, au mgao ukayazuia mchana kutwa, shaba hupata muda wa kuyeyuka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita. Kiwango kikipanda sana juu ya hapo, huja kichefuchefu, kutapika na tumbo kusokota, maradhi ambayo hapa kwetu kila mtu atayadhania ya vijidudu. Na hapo ndipo hatari ilipo: mgonjwa ataambiwa achemshe maji, ilhali kuchemsha hakuondoi shaba, maji hupungua kwa mvuke, shaba ikabaki palepale.

Wengine watasema wazee walipikia vyombo vya shaba wasidhurike. Vyombo hivyo vilitiwa bati ndani, na bati lilipochakaa vilirudishwa kwa fundi, kwa sababu ndimu na ukwaju huila shaba tupu upesi. Hoja nzito zaidi ni kwamba kipindupindu kinaua na shaba kwa kawaida haiui, basi tushughulikie kinachoua. Nakubali msingi wa hoja hiyo, silikubali hitimisho lake. Kuyaachia maji ya alfajiri yatiririke kwenye ndoo ya kudekia, na kutopika kwa maji ya moto ya bomba, hakumzuii mtu kuyachemsha ya kunywa. Mamlaka ya Maji nayo, inapochukua sampuli, ichukue pia maji ya kwanza ya asubuhi kwenye bomba la jikoni, kabla mtu hajalifungua.